Mtaro wa Mtaa ni Fardhi ya Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Katika miji ya pwani ipo mas-ala moja izungumzwayo sana barazani na kutendewa kazi kidogo. Mvua ya masika ikinyesha, maji machafu hujaa vichochoroni, yakachanganyika na yatokayo vyooni, yakaingia hata ukumbini mwa watu. Wenye kwenda msikitini kwa sala ya alfajiri hupandisha nguo zao na kuruka kutoka jiwe hadi jiwe, wakikhofu najisi. Kisha hukaa wakaulizana: kazi hii ni ya nani? Mmoja hujibu kwamba ni ya Serkali, maadam ndiyo inayochukua kodi. Wa pili hujibu kwamba ni ya jirani wa juu, ambaye maji yake ndiyo yateremkayo. Wa tatu, naye ndiye aonekanaye kuwa mwenye hekima, hujibu kwamba ni kazi ya watu wote. Kila mmoja wao amesema kweli kwa upande mmoja. Walakini maji yapo pale pale, na yule wa tatu hakuyapunguza hata kwa kata moja kuliko wenziwe.

Basi mas-ala yenyewe ni hii: jambo likiwa ni wajibu wa watu wote, laangukia shingo ya nani? Na lisipofanywa, ni nani atakayeulizwa?

Wanavyuoni wamezigawanya fardhi mafungu mawili. Fungu la kwanza ni fardhi ain, ambayo hutakiwa kwa kila mtu mwenyewe, kama sala tano na saumu ya Ramadhani. Fungu la pili ni fardhi kifaya, ambayo hutakiwa kwa watu wote kwa jumla: wakiifanya baadhi yao kwa kadiri ya kutosha, waliobaki huondokewa na lawama, na wakiiacha wote, dhambi huwaenea wote waliojua na wakaweza. Wengi wasikiapo jina la kifaya hudhani ni fardhi nyepesi, nusu ya ile ya kwanza, inayomtosha mtu kuwaachia wengine. Imamu l-Haramain Al-Juwayni, katika wakubwa wa madhhabi ya Shafi, aliyefariki mwaka 1085, hakuona hivyo. Yeye aliona kwamba mwenye kuisimamia fardhi ya kifaya ana ubora wake, kwa kuwa ameondoa dhambi kwake na kwa wenziwe, na amesimama mahala pa umma mzima. Na Imamu Nawawi, katika kitabu chake Minhaj kisomwacho darsani pwani nzima, amehesabu kuwaondolea watu madhara, kama kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, kuwa ni katika fardhi za kifaya. Na kazi za mikono ambazo maisha ya watu hayatengenei bila ya hizo amezitia humo humo. Ikiwa kumvika aliye uchi ni fardhi, basi kuyaondoa maji yauwayo watoto hayawezi kuwa ni jambo la hiari.

Tena watu wa pwani hawahitaji kufundishwa namna fardhi ya kifaya itendwavyo, kwani waitenda kila wiki. Mtu akifa, awe tajiri au hamali, hapana asemaye kwamba Serkali itamzika. Khabari hupita nyumba kwa nyumba, na kabla ya jua kutua mmoja amekwenda kununua sanda, wengine wamekwenda kuchimba kaburi, mwengine anaosha, na mwengine anazunguka kuchangisha. Asiyekuwa na kitu hutoa mabega yake kulibeba jeneza. Hapana maiti aliyelala barabarani kwa sababu watu walikuwa wakikhitilafiana juu ya nani mwenye wajibu wa kumzika.

Imekuwaje basi watu wale wale, wenye dini ile ile na mikono ile ile, waweze kuzika na wasiweze kuchimba mtaro? Mwenye kutazama ataona sababu tatu. Kwanza, mazishi yana wakati wake: maiti hangoji, ama maji machafu hungoja, na jambo lingojalo husahauliwa. Pili, katika mazishi kila mtu aijua sehemu yake, na kazi imekwisha gawanywa tangu zama za wazee. Katika mtaro hakuna aijuaye sehemu yake, naye asiyeijua sehemu yake huiona kazi nzima, ikamtisha, akaiacha. Tatu, asiyehudhuria mazishi huonekana, akaulizwa alikuwa wapi. Asiyehudhuria mtaro haonekani, kwa kuwa wote hawakuhudhuria. Basi si kwamba watu wa mijini hawana imani wala huruma. Wanalokosa ni mgawo. Fardhi ya watu wote ambayo haikugawanywa hugeuka kuwa fardhi isiyo na mtu.

Na kukosekana kwa mgawo huu kumezidi kudhuru kwa sababu ya kukua kwa miji. Dar es Salaam mwaka 1967 ilikuwa na watu kiasi cha 273,000. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728. Mombasa katika hesabu ya mwaka 2019 ilikutwa na watu 1,208,333. Zamani nyumba zilikuwa mbali mbali, na mwenye kumwaga maji uani mwake aliyamwaga juu ya mchanga, mchanga ukayanywa. Shimo la choo lilikuwa mbali na kisima. Desturi ile haikumdhuru mtu. Leo mahala palipokuwa na nyumba moja na minazi kumi pana nyumba kumi zisizokuwa na mnazi hata mmoja, na ardhi haiwezi tena kuyanywa yanayomwagwa. Mtu atenda kama alivyotenda babu yake, walakini alilolitenda babu yake bila ya kumdhuru mtu, yeye analitenda akamdhuru jirani. Tendo ni lile lile, na hukumu yake imebadilika, kwa kuwa waliolizunguka wamebadilika. Hili ndilo gumu kufahamika na watu wema, ambao nia zao ni safi na desturi zao ni za kale.

Mtume (S.A.W.) ameupigia jambo hili mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wakapiga kura, wengine wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wale wa chini walikuwa wakitaka maji huwapitia wa juu. Wakaona afadhali watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe, wasiwaudhi wenzao. Wa juu wakiwaacha wataangamia wote, na wakiwashika mikono wataokoka wote. Mfano huu hutajwa sana minbarini, na mara nyingi hupitwa na mambo mawili yaliyomo. La kwanza ni kwamba wale wa chini hawakuwa maadui. Walitaka kuwapunguzia wenzao udhia, nao walitoboa penye haki yao. Nia njema haikulizuia tundu kuingiza maji. La pili ni kwamba shida ya maji ilikuwa ya kweli. Mwenye kumshika mkono mwenziwe asitoboe yampasa pia ampishe njia ya kupatia maji. Tajiri wa mji mwenye kumlaumu maskini kwa kumwaga uchafu kichochoroni, naye hajauliza maskini huyo aumwage wapi, ametenda nusu ya mfano na ameiacha nusu.

Ili yasiwe haya ni maneno matupu, inafaa kutazama mahala yalipotendwa. Katika mji wa Karachi, nchi ya Pakistan, upande wa kaskazini-magharibi, uko mtaa mkubwa uitwao Orangi. Watu walianza kuhamia huko katika mwaka 1965, na baada ya vita vya mwaka 1971 vilivyoizaa nchi ya Bangladesh waliongezeka mno kwa wahajiri waliotoka huko. Viwanja vingi viliuzwa na madalali bila ya idhini ya Serkali. Watu wakajenga nyumba kwa jasho lao, na mitaro haikuwapo. Vyoo vilikuwa vya ndoo au vya mashimo, na maji machafu yakipita wazi katikati ya vichochoro mbele ya milango. Mwishowe mtaa huo ulikaribia watu milioni moja, ukubwa wa mji mzima wa Mombasa.

Mwaka 1980 alikuja huko mzee mmoja, jina lake Akhtar Hameed Khan, aliyezaliwa mwaka 1914. Ujanani mwake alikuwa ofisa katika utumishi wa Waingereza huko India, cheo kilichotamaniwa na wengi; akajiuzulu mwaka 1945, akaenda kukaa kijijini karibu na Aligarh, akajifunza ufundi wa makufuli ili ale kwa mkono wake. Baadaye alisifika kwa vyama vya ushirika vya wakulima alivyovisimamisha Comilla, akapewa nishani ya Magsaysay mwaka 1963. Alipoitwa Orangi hakuja na fedha za kugawa wala mashine. Alitembea vichochoroni, akikaa na watu na kuwauliza ni lipi linalowaumiza. Wengi walimjibu kwamba ni maji machafu, na wakamtaka awaombee Serkali iwajengee mitaro bure.

Yeye aliona kwamba vizuizi ni vinne. Cha kwanza ni cha moyo: watu waliamini kwamba nyumba ni yao na kichochoro ni cha Serkali, basi wakatengeneza ndani na kuacha nje. Cha pili ni cha mali: bei ya makandarasi ilikuwa haiwezekani na maskini. Cha tatu ni cha ufundi: hawakujua kupima mwinamo wa ardhi wala kulaza mabomba. Cha nne ni cha kushirikiana: majirani hawakuwa na namna ya kufanya jambo moja pamoja na kuaminiana fedha.

Dawa yake ilikuwa ni kuipunguza kazi mpaka mtu aweze kuiona yote kwa jicho lake. Hakuuita mtaa mzima, wala hakuunda jumuiya kubwa yenye mwenyekiti na muhuri. Alichagua kichochoro kimoja, chenye nyumba 20 au 30, pengine 40, ambamo kila mtu amjua mwenziwe na mtoto wa mwenziwe. Watu wa kichochoro hicho walikubaliana wenyewe, wakamchagua mmoja wao, naye akaenda kuomba msaada wa ilimu. Mafundi walikuja wakapima ardhi, wakachora ramani, wakatoa hesabu ya gharama na kuazima vyombo vya kazi. Fedha hawakuzigusa. Yule mteule ndiye aliyezikusanya nyumba kwa nyumba, akanunua saruji na mabomba. Na watu wakachimba kwa mikono yao au wakaajiri vibarua. Msanifu wa majengo, Arif Hasan, alisaidia kuurahisisha ufundi, na kalibu za chuma zikatumika kumiminia chemba, mpaka bei ikawa sehemu ndogo tu ya ile ya makandarasi. Katika miaka ya mwanzo kila nyumba ilitoa kiasi cha rupia 1,000, kwa choo chake na kwa sehemu yake ya mtaro, fedha ambayo kibarua aliweza kuipata kwa kujibana.

Kichochoro kimoja kikapata mtaro, na majirani wa kichochoro cha pili wakapita wakaona ardhi kavu. Hapakuhitajiwa waadhi mwingi baada ya hapo. Kimoja kilifuatwa na kingine, kwa maelfu, hata nyumba zilizounganishwa zikapita 90,000. Lau mzee huyo angaliwaita watu milioni moja mkutanoni akawaambia wajenge mitaro ya Orangi, wangalimpigia makofi wakarudi majumbani. Aliwaita watu wa milango 20, na kila mlango ukajua ni hatua ngapi za mtaro zinazoutazama.

Hapa ndipo palipo jawabu ya mas-ala. Kazi ya watu wote humwangukia kila mmoja kwa kadiri ya sehemu awezayo kuiona, kuilipia na kuulizwa juu yake. Aliye wa kwanza kutenda kheri si yule asemaye kwamba kazi ni ya wote, bali ni yule aichukuaye kazi ya wote akaikata vipande, akamwonyesha kila mtu kipande chake, akianza na kilicho mlangoni mwake mwenyewe.

Walakini ziko hoja zinazopinga, nazo si za kudharauliwa.

Hoja ya kwanza ni ya wale wasemao kwamba jambo hili ni dhulma iliyovikwa nguo ya kheri. Maskini hulipa kodi kila anaponunua sukari na mafuta. Kisha aambiwe achimbe mtaro kwa fedha yake na jasho lake, hali mitaa ya matajiri imechimbiwa na Serkali kwa kodi ile ile. Tena, wasema, kila maskini ajifanyiapo kazi ya Serkali, Serkali hupata usingizi mwema zaidi. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Watu wa Orangi waliijibu kwa kugawanya kazi mafungu mawili, ya ndani na ya nje. Choo cha nyumba, mtaro wa kichochoro na mtaro wa kuunganisha vichochoro ni kazi ya ndani, nayo majirani waiweza. Mitaro mikubwa inayobeba maji ya mitaa mingi, na mahala pa kuyasafisha kabla ya kufika baharini, ni kazi ya nje, nayo hapana kichochoro kiiwezacho. Hiyo ni deni juu ya Serkali, na kutenda ya ndani hakuliondoi deni hilo hata kwa senti moja.

Bali kutenda ya ndani humpa mtu ulimi wa kudai ya nje. Mwenye kukaa mikono mitupu akaomba kila kitu huambiwa asubiri. Aliyekwisha lipa akachimba, akaja na ramani mkononi akionyesha mtaro wa watu unaishia wapi na wa Serkali ulipaswa kuanzia wapi, huyo hana la kuambiwa ila ukweli. Kwa ajili hiyo vijana wa Orangi walifundishwa kupima na kuchora, na ramani zao zikaonyesha mitaro na vijito ambavyo kweli vilikuwa vikibeba uchafu wa mji. Kazi hiyo iliongozwa kwa miaka mingi na Bibi Perween Rahman, msanifu wa majengo, ambaye pia aliandika khabari za ardhi za maskini zilizokuwa zikinyakuliwa. Tarehe 13 Machi 2013 alipigwa risasi akafa, njiani akirudi nyumbani kutoka kazini. Basi asidhani mtu kwamba kheri ya mtaa ni kazi ya usalama mtupu. Ukweli ulioandikwa juu ya karatasi una maadui kuliko jembe, kwa kuwa jembe huondoa tope, na ramani huonyesha aliyeliacha tope hilo.

Hoja ya pili ni ya jirani asiyetaka kuchanga. Nyumba 19 zimetoa, moja haikutoa. Mtaro ukipita, naye atanufaika kama wao. Je, azuiliwe? Hapa hapana budi kupambanua kati ya asiyeweza na asiyetaka. Asiyeweza ana haki juu ya jirani zake, na kumtolea ni sadaka yenye kubakia, kwa kuwa kila siku maji yapitapo katika bomba lile mtoaji ana sehemu yake. Tena yuko maskini ambaye hana fedha na ana nguvu. Huyo na achimbe, na hesabu yake iwe sawa na aliyetoa fedha, asihesabiwe kuwa amesaidiwa. Ama asiyetaka hali anaweza, huyo asemwe na wazee, aendewe mara ya kwanza na ya pili, na kazi isisimame kwa ajili yake. Wenye kusema kwamba hawatoi mpaka wote watoe wamempa bakhili mmoja ufunguo wa kichochoro kizima. Na mara nyingi bakhili huyo si bakhili: ni mtu aliyekwisha changa huko nyuma, fedha ikaliwa na mkusanyaji, asiambiwe ilikwenda wapi. Dawa ya huyo si waadhi. Dawa yake ni hesabu inayosomwa mbele ya watu, kila senti iliyoingia na kila mfuko wa saruji ulionunuliwa, na mwenye kutaka kuziona risiti azione. Khiyana ya shilingi kumi katika fedha ya mtaa huua mitaro kumi ya baadaye.

Hoja ya tatu ni kwamba mji mkubwa umechanganya watu. Katika kichochoro kimoja yuko Mswahili, Mhadhrami, Mhindi, mtu wa bara aliyekuja mwaka jana, na wenye dini mbali mbali. Je, Muislamu ashirikiane nao wote? Mwenye kuuliza hivi na aikumbuke Madina. Mtume (S.A.W.) alipohamia huko aliukuta mji wenye makabila yaliyopigana vita virefu, na Mayahudi wakaao humo, akafungisha udugu baina ya Wahajiri na Ansari, na akaandika mapatano yaliyowafanya wakaazi wote kuusimamia mji pamoja. Na kabla ya kupewa utume alihudhuria kiapo cha Hilful-Fudhul, ambacho watu wa Makka waliapa kumsimamia aliyedhulumiwa. Na baada ya Uislamu alikisifu, akasema kwamba lau angaliitwa tena kwa mfano wake angaliitika. Maji machafu hayaulizi kabila. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015, kisha kikaenea mikoa mingi na kuvuka hadi Unguja, hakikubagua mwenyeji na mgeni. Jambo linalowadhuru wote pamoja halina budi kuondolewa na wote pamoja.

Lakini isidaiwe zaidi ya haki. Orangi kulikuwa na Wahajiri, Wapathani, Wapunjabi, Wabaluchi na wengineo, na vichochoro vingi vilichimba pamoja. Na juu ya hayo, mwezi wa Disemba 1986 mapigano ya makabila yalizuka katika sehemu hizo za Karachi, watu wengi wakauawa. Mtaro si dawa ya kila uadui. Unalofanya ni kuwapa majirani jambo moja la kweli walilolitenda pamoja, na mji usiokuwa na jambo la namna hiyo huwa maskini zaidi siku ya fitina.

Liko tena neno moja la kuwatahadharisha wenye bidii. Katika kanuni za fikihi imo kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mengine mfano wake. Kichochoro kinachochimba mtaro ukaishia mlangoni mwa kichochoro cha chini hakikuondoa najisi, kimeihamisha. Hata Orangi wenyewe hawakuokoka na jambo hili: mitaro yao iliingia katika vijito vya asili, navyo vikaenda baharini, na sehemu kubwa ya maji machafu ya Karachi imeendelea kuingia baharini bila ya kusafishwa, kwa kuwa kazi ya nje haikutimizwa. Watu wa pwani, ambao riziki yao imo baharini, ndio wa kwanza kufahamu uzito wa jambo hili. Basi mwenye kupima mtaro na aulize mwanzo kabisa: maji haya yataishia wapi, na yuko nani pale? Akiisha kujua, awaite na hao katika shauri, kabla ya jembe la kwanza kupigwa.

Wala asiseme mtu kwamba Karachi ni mbali. Hanna Nassif, mtaa wa Kinondoni katika Dar es Salaam uliokuwa ukifurika kila masika, katika miaka ya 1990 wakaazi wake walishiriki wenyewe, kwa shauri la mafundi na msaada wa mji na wa nje, kujenga mitaro ya mvua na njia. Na kabla ya hapo, Sayyid Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, aliyaleta maji ya chemchem mjini kwa mabomba, watu wakayateka bila ya malipo. Mtawala alitenda ya nje iliyompasa, na raia wa Hanna Nassif walitenda ya ndani iliyowapasa. Mji wenye mojawapo huenda kwa mguu mmoja.

Basi kila mwenye kuondoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa na ahesabu milango ya kichochoro chake. Ikiwa ni 20, ajue kwamba sehemu yake ni moja katika 20, wala si mji mzima. Na moja katika 20 si udhuru wa mtu mzima mwenye afya. Abishe hodi kwa jirani wa kulia na wa kushoto, wapime pamoja, waandike hesabu, waanze. Wakiisha, wasimame pamoja mbele ya baraza la mji na ramani yao, wadai iliyobaki kwa adabu na bila ya kuchoka. Siku atakapoulizwa mtu juu ya jirani yake, hataulizwa juu ya milioni ya watu asiowajua. Ataulizwa juu ya yule ambaye ukuta wake ndio ukuta wake, ambaye mtoto wake alicheza katika maji yaliyotoka uani mwake.

Wallahu aalam, wabillahi ttaufiki.